Paka Amehamia Barazani Kwako

Anaanza kwa kupita tu. Siku ya pili yuko chini ya ngazi, ya tatu amelala juu ya viatu mlangoni, na wiki haijaisha watoto wameshampa jina. Hapo ndipo swali linapokuja: huyu nimpeleke wapi?

Kwa walio wengi, pa kumpeleka hakuna. Nairobi wana KSPCA, wenye kituo chao Karen, wanaopokea mbwa na paka na kuwatafutia watu wa kuwachukua. Dar es Salaam kuna TSPCA na TAWESO, Unguja kuna ZAASO, na Lamu kuna zahanati ya wanyama ambayo kwa miaka mingi imetibu na kuhasi paka wa mji ule wenye paka kila kona. Ukiwa karibu na mojawapo, piga simu kabla ya kwenda, eleza hali ya paka bila kuongeza chumvi, na usishangae ukiambiwa pamejaa. Vituo hivi vina majeruhi wa kutosha: aliyegongwa na gari, aliyemwagiwa maji ya moto, punda aliyechunika mgongo. Paka mzima anayekula dagaa kwako na kulala juani hawezi kutangulizwa mbele yao. Na mji wako ukiwa mdogo, hata hiyo simu huna pa kuipiga.

Kwa hiyo acha kutafuta geti la kumkabidhi, tafuta watu. Utamhitaji daktari wa mifugo mmoja, majirani wawili watatu, na wewe mwenyewe. Paka wengi wa mitaani hawana haja ya kuhamishwa. Wanachohitaji ni kuhasiwa, kuchanjwa, na kuwa na mtu mmoja anayejulikana mtaani kuwa ndiye anayewatazama. Paka akipata hayo pale pale alipo, ameshapata kwao. Wa kutafutiwa nyumba kweli ni wachache: kitoto, mgonjwa, mzee, na yule aliyezoea kulala ndani kisha akaachwa nje.

Kabla ya yote, hakikisha hana mwenyewe. Paka wetu hawana tabia ya kula nyumba moja. Asubuhi yuko kwa mama ntilie, mchana yuko buchani, usiku anarudi kwa bibi wa nyumba ya nne ambaye anamwita Mwanaidi na hana habari kwamba kwako anaitwa Simba. Ukimwona ana mwili, manyoya yanang'aa na anakuja mkononi bila wasiwasi, jua kuna mahali anahesabiwa. Kata ukanda mwembamba wa karatasi, andika, "Paka huyu ni wako? Nipigie," na namba ya simu, kisha uzungushie shingoni ukiwa umelegea na uubane kwa kipande kidogo cha selotepu. Karatasi ikinasa mahali itachanika, haitamnyonga; uzi na utepe wa nailoni usithubutu. Mara nyingi jibu huja siku hiyo hiyo, wakati mwingine likiwa na hasira kidogo.

Mtazame na masikio. Ncha ya sikio, mara nyingi la kushoto, ikiwa imekatwa ikanyooka badala ya kuraruka, ni alama inayotumika nchi nyingi kuonyesha paka ameshahasiwa. Huyo kazi yake ilishafanywa na mtu, na huenda mtu huyo yuko mtaa wa pili. Ulizia pia wapangaji waliohama karibuni. Watu hubeba kitanda, jiko na pazia, paka akabaki anazunguka mlango uliofungwa. Ndiye utakayemsikia akilia usiku kucha. Hajui kuwinda jalalani, na ndiye wa kushughulikiwa kwanza.

Sasa nizungumzie kiroba. Mtindo huu unajulikana: paka anatiwa kwenye kiroba, mdomo wa kiroba unafungwa, bodaboda inaitwa, na paka anaachiwa sokoni, hasa soko la samaki. Wa Dar es Salaam humpeleka Feri. Mtupaji anarudi nyumbani akiwa na moyo mweupe, kwani kule si samaki tele?

Samaki wapo, lakini wana wenyewe. Paka wa soko la samaki wamegawana kila meza na kila ngazi. Mgeni anapigwa, anakimbia, anajificha chini ya gari. Hajui maji yako wapi, mbwa hupita saa ngapi, lori linarudi nyuma kwa upande gani. Wengine hujaribu kurudi walikotoka na hufia barabarani. Huku nyuma barazani kwako nafasi haikai wazi: kile chakula kilichomvuta wa kwanza bado kipo, panya bado wapo, na mwezi haupiti atakuja mwingine, pengine jike mwenye mimba. Ndiyo maana mitaa inayotupa paka na mitaa inayowawekea sumu haiishiwi paka.

Hesabu ya paka ni kali kuliko watu wanavyodhani. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, yeye mwenyewe bado kitoto machoni petu. Mimba huchukua wiki tisa hivi. Anaweza kubeba nyingine kabla hajaachisha. Zaidi ya hayo, paka huongozwa na urefu wa mchana: Ulaya majira ya baridi mchana ukiwa mfupi majike hupumzika, lakini sisi tulio karibu na ikweta mchana wetu ni ule ule Januari hadi Desemba, kwa hiyo hawana likizo. Ukiwa na fedha ya kuhasi mmoja tu kati ya wote unaowaona, mhasi jike.

Kumshika si kazi ya nguvu. Tafuta tenga la kuku, lile la waya lenye mlango, na uliache wazi pale anapokula. Siku ya kwanza chakula kiwe mdomoni mwa tenga, ya pili katikati, ya tatu mwisho kabisa. Kichwa cha samaki wa kukaanga kinashinda kila kitu kwa harufu. Siku yenyewe fungia kamba ndefu mlangoni, kaa mbali, na usivute hadi mkia wote uwe ndani. Mara moja funika tenga zima kwa kanga. Utaona mabadiliko papo hapo: yule aliyekuwa anajirusha huku na huku anajikunja kona moja akanyamaza, kwa sababu gizani paka anajiona amejificha. Mpakie kwenye bajaji. Kiroba kinambania pumzi, na bodaboda hata kama yumo ndani ya tenga ni hatari kwake na kwa dereva. Usimpe chakula kuanzia usiku wa kuamkia upasuaji, maji aachiwe. Ila kitoto hakifungishwi muda mrefu hivyo, muulize daktari.

Daktari utampata wapi? Tanzania anzia kwa afisa mifugo wa kata au ofisi ya mifugo ya wilaya. Kenya anzia ofisi ya mifugo ya kaunti. Walio karibu na vyuo wana bahati, maana SUA pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete na Makerere wote hufundisha udaktari wa wanyama na wana hospitali zao. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo naye huwajua madaktari wote wa mji, pamoja na yupi ana mkono mwepesi.

Usione haya kumhoji. Muulize kama ameshawahi kumfunga kizazi paka jike, maana wengi wamezoea ng'ombe na mbuzi na hilo si kosa lao. Muulize atatumia dawa gani ya usingizi na kama kuna dawa ya maumivu baada ya hapo. Akikwambia dume hahitaji usingizi, tunamshika tu dakika moja, chukua tenga lako uondoke. Muulize bei ikiwa imejumlisha kila kitu, ili usiambiwe ya sindano kando wakati paka ameshalala mezani. Na kama mko majirani wanne wenye paka wanne, nendeni siku moja mkazungumze bei kwa pamoja. Mwombe pia amkate paka ncha ya sikio akiwa amelala, ili mwaka kesho mtu mwenye huruma asije akampeleka kupasuliwa mara ya pili.

Wapo watakaokuuliza kama dini inaruhusu. Hilo lipeleke kwa shekhe wako. Wapo maulamaa wanaoruhusu pale paka wanapozidi na madhara ya kuwaacha yakawa makubwa, ilimradi mnyama asiumizwe. Ninachojua ni kwamba ukanda huu wa pwani umelelewa na hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumpa chakula wala kumwacha ajitafutie, na pia na ile inayosema mabaki ya maji aliyokunywa paka si najisi. Imamu akizigusa baada ya swala ya Ijumaa, kazi yako ya mwezi mzima mtaani inafanyika kwa dakika tano.

Dume anaweza kurudi mtaani kesho yake. Jike mweke ndani siku kadhaa, kwenye chumba kikavu, umwangalie kidonda kila asubuhi. Usimwogeshe.

Katika kumhudumia, yako mambo mawili yanayoua paka wengi mikononi mwa watu wema. La kwanza ni Panadol. Paka ana homa, mtu anakata nusu kidonge kama angefanya kwa mwanawe. Mwili wa paka hauna uwezo wa kuivunja paracetamol; kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua, na hata kipande kinaweza kumharibu damu na ini. Diklofenaki na aspirini usimpe pia. La pili ni dawa za viroboto. Mafuta ya taa yanachoma ngozi, naye akijilamba yanaingia tumboni na mapafuni. Dawa za mbwa zenye permethrini, hata kama duka ni lile lile na picha ya mnyama anayecheka ni ile ile, humtia paka kifafa. Chana kwa kitana cha meno ya karibu karibu, chovya viroboto kwenye maji ya sabuni, na umwombe daktari dawa iliyoandikwa kuwa ni ya paka.

Chakula si cha kuumiza kichwa. Dagaa waliokaushwa waloweke kwanza chumvi ipungue, chemsha, changanya na ugali kidogo. Utumbo wa kuku uliochemshwa ni mzuri, mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, maana inapasuka vipande vyenye ncha. Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha paka wengi wakubwa. Maji safi ndiyo watu husahau.

Ukikuta vitoto, mikono nyuma kwanza. Vitoto vingi "vilivyotupwa" huokotwa huku mama yao yuko umbali wa nyumba mbili akitafuta chakula, au yuko nyuma ya ukuta akikusubiri uondoke. Nyunyiza unga wa sembe kidogo kuzunguka pale vilipo, nenda zako, urudi baada ya saa kadhaa. Ukiona alama za miguu kwenye unga na vitoto vimenyamaza na matumbo yamejaa, mama yupo. Mpelekee yeye chakula, wala usivihamishe vitoto. Kama mahali penyewe pana sisimizi, mvua inanyesha, au hakuna alama yoyote hadi jioni, hapo chukua.

Kitoto kisicho na mama kinauawa na baridi kabla ya njaa. Jaza chupa ya plastiki maji ya moto kiasi cha kuvumilika mkononi, izungushie kanga, iweke upande mmoja wa katoni ili kikizidiwa na joto kipate pa kujisogeza. Kitoto kilichopoa usikilishe. Tumbo halisagi, maziwa yanachacha ndani. Kipashe moto kwanza mpaka kianze kutapatapa chenyewe kutafuta chuchu. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14, kwa hiyo chenye macho yaliyofumba kinahitaji kulishwa kila baada ya saa mbili tatu, usiku nao umo. Chenye meno yanayoanza kuchomoza kina wiki tatu nne, na hapo unaweza kuanza kukionjesha chakula laini.

Maziwa maalumu ya vitoto vya paka yapo kwa madaktari wa wanyama katika miji mikubwa. Ukikosa, maziwa ya mbuzi yasiyoongezwa maji yatakuvusha siku moja mbili huku ukitafuta, si zaidi. Njia iliyo bora kuliko zote haiuzwi dukani: paka mwingine anayenyonyesha. Majike wengi hupokea yatima bila maneno, hasa ukivisugua kwanza kwa kitambaa alicholalia yeye. Ulizia mtaani. Ukilisha mwenyewe kwa bomba la sindano, kitoto kilalie tumbo kama kinavyonyonya kwa mama. Kukilaza chali kama mtoto mchanga kunapeleka maziwa mapafuni. Baada ya kula, kifute sehemu za haja kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kwa sababu katika wiki za mwanzo hakiwezi kukojoa bila kuchochewa. Mama huwa anakilamba. Kisha nenda duka la mtaani umwombe mwenyewe mizani ya sukari. Kitoto huwa na gramu 100 hivi kikizaliwa na kinatakiwa kuongeza gramu 10 hadi 15 kila siku. Uzito ukisimama siku mbili, mtafute daktari, usisubiri kilie.

Usikitoe kwa mtu kabla ya wiki nane. Wiki hizo mama na ndugu ndio wanaokifundisha kutouma kwa nguvu na kwenda haja mahali pamoja. Kinachotolewa mapema mno ndicho kinachorudishwa baadaye kwa malalamiko.

Kupata nyumba kunaanzia kwenye picha. Ipige mchana, nje, paka akiwa ametulia na macho yanaonekana. Ile ya usiku yenye macho mawili ya kijani yanayowaka gizani itawakumbusha watu majini, basi, na kama paka ni mweusi umemmaliza. Weusi huchelewa kupata watu kwa sababu ya hadithi tunazozijua sote. Mpige akiwa amelala mapajani mwa mtu. Andika umri, jinsia, kama amehasiwa na kuchanjwa, na kasoro zake. "Anakwaruza makochi" itakuokolea matatizo. Kuhusu jinsia, watu wakikung'ang'ania wanataka dume, kumbuka kwamba wa rangi ya chungwa mara nyingi huwa madume, na mwenye rangi tatu, nyeupe, nyeusi na chungwa, karibu siku zote ni jike. Ila ukishamhasi jike, sababu ya kumkataa imekwisha, na hilo liandike kwa herufi kubwa.

Wapo watakaokwambia wangependa paka wa Kiajemi, hawa wa kwetu ni wa jalalani. Waeleze habari za Sokoke. Mwaka 1978 Jeni Slater, aliyekuwa akiishi karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke pwani ya Kenya, aliokota vitoto vya paka wenye mabaka yanayofanana na ganda la mti, paka ambao Wagiriama walikuwa wakiwajua tangu zamani. Akavilea, vizazi vyake vikafika Denmark, na leo Sokoke ni aina inayotambuliwa na kuoneshwa kwenye mashindano ya paka Ulaya. Sisemi wako ni Sokoke. Ninasema hayo ya jalalani yanategemea nani ametazama.

Weka tangazo kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, la kazini, la wazazi wa shule. Lakini nyumba nyingi nzuri hupatikana kwa mdomo, na mara nyingi si nyumba. Stoo ya nafaka, gereji yenye mlinzi wa usiku, shule ya bweni yenye jiko, bustani ya miche: hapa panya ni tatizo la kila siku na mtu yupo saa zote. Mwulize mwenye stoo jambo moja kabla hujafurahi: unatumia sumu ya panya? Kuna watu huleta paka na sumu wiki moja. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo, anayumba siku kadhaa, anakuwa rahisi kukamatwa, na paka anayekula panya kama hao anaanza kuvuja damu kwa ndani. Ukimwona amelegea, fizi nyeupe, damu puani, wahi kwa daktari uitaje sumu. Nyingi za aina hii zina tiba, nayo ni vitamini K, ikiwahiwa. Mwenye stoo achague moja.

Kwa anayemchukua nyumbani, mazungumzo ya dakika kumi yanatosha kujua. Je, umepanga? Mwenye nyumba anajua? Nani ndani ya nyumba ana pumu au mafua ya vumbi? (Kinacholeta mzio kimo kwenye mate na ngozi ya paka, kwa hiyo kumnyoa manyoya hakusaidii, bora mtu huyo aje akae naye saa nzima kwanza.) Desemba mkienda kijijini nani atamlisha? Mtoto mdogo kuliko wote ana miaka mingapi? Nyumba yenye mtoto wa miaka miwili na kitoto cha paka cha wiki nane ina wagonjwa wawili watarajiwa; wape paka mkubwa mpole. Na mtu asiyetaka uone anapoishi, hata mlango tu, usimpe. Peleka paka mwenyewe. Usimkabidhi kituo cha daladala.

Mwambie mpokeaji amfungie chumba kimoja wiki ya kwanza, na asimwachie nje kabla ya wiki mbili tatu. Beseni lenye maranda au mchanga kona moja, chakula kona ya mbali na hapo. Kitambaa chenye harufu ya kwako aende nacho. Siku mbili za kwanza atakaa chini ya kitanda na hatakula mbele ya watu, na hapo ndipo simu huja: paka wako anaumwa. Mwambie azime taa aende kulala. Sahani itakuwa tupu asubuhi.

Kuhusu afya yako wewe: paka asiyejulikana akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kwa saa, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ueleze. Kichaa cha mbwa, licha ya jina, humshika paka pia, na dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna kuponyeka. Chanjo inayotolewa mapema ndiyo kinga. Hata pasipo kichaa, jino la paka ni jembamba na linaingiza uchafu ndani sana. Usiweke kahawa wala dawa ya mswaki kwenye jeraha. Paka wako apate chanjo kuanzia miezi mitatu, na fuatilia Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa sababu wilaya nyingi huchanja bure kipindi hicho na huwa tunapeleka mbwa tu. Mjamzito hana sababu ya kumfukuza paka kwa kuhofia toksoplazma. Mtu mwingine asafishe beseni kila siku, kwani vimelea kwenye kinyesi huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, naye anawe mikono, aoshe mboga na apike nyama ikaiva.

Majirani ni nusu ya kazi. Lisha saa ile ile kila siku, mahali pako, toa sahani baada ya nusu saa. Malalamiko mengi kuhusu paka ukiyachunguza ni malalamiko kuhusu mabaki, nzi na kelele za madume usiku, na hizo kelele hupungua sana wakishahasiwa. Mweleze mwenyekiti wa mtaa au balozi wa nyumba kumi unachofanya kabla hajaelezwa na mwingine. Jirani akitishia kuweka sumu, nenda taratibu, na mtu mzima anayeheshimiwa mtaani akusindikize. Lakini ajue pia kwamba Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 na Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Nyama yenye sumu uani inaweza kuliwa na mtoto kabla ya paka, na hilo ndilo litakalomshtua.

Ukishamtoa, piga simu siku ya tatu, wiki ya pili, na baada ya mwezi. Wengine watamrudisha. Mtoto amepata mafua, baba amekataa, tumehamishwa kikazi. Mpokee, shukuru kwamba hawakumtia kwenye kiroba, uliza alikuwa akila nini huko na alikuwa na tabia gani, kisha piga picha nyingine.